Istilahi za Kiswahili na Lugha Jirani: Maoni kutoka Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kuna kata iitwayo Ukata. Mtumiaji wa Kiswahili asiyeijua nchi ile, alisikiapo jina hilo, hana budi kufikiri ufukara, kwani ukata katika Kiswahili ni hali ya kutokuwa na fedha. Kumbe hapo ni Umatengo, nchi ya milima yenye kahawa, mahindi na maharage, na jina la kata halikutungwa kwa Kiswahili. Mfano huu ni mdogo, na pengine wa kuchekesha, lakini unafaa kuwekwa mbele ya kila anayependekeza kwamba Kiswahili kikipungukiwa na neno kiende kuazima kwa ndugu zake wa Kibantu kabla ya kubisha hodi kwa wageni. Undugu upo, na ushahidi wake ni mwingi. Hata hivyo, undugu wa lugha haumhakikishii mtu kwamba neno likihamia nyumba ya pili litaeleweka kama lilivyoeleweka katika nyumba ya kwanza.

Kanuni yenyewe inafahamika kwa wote waliowahi kushughulika na istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata ilikubalika kwamba mwanaistilahi aanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake. Akikosa humo, aende kwenye lugha nyingine za Kibantu. Akikosa tena, aende kwenye lugha za Kiafrika zisizo za Kibantu. Na lugha za kigeni ziwe kimbilio la mwisho. Mbinu za kazi hiyo zilifafanuliwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992 katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeijifunza kazi hii kwa kupitia kitabu hicho.

Ni maoni ya makala haya kwamba kanuni hiyo ni njema kwa nia yake lakini ina kasoro katika msingi wake. Imezipanga lugha kwa ukaribu wa damu, ilhali ilipaswa kuzipanga kwa ujuzi wa jambo. Swali la kwanza la mwanaistilahi si kuuliza ni lugha ipi iliyo jamaa wa karibu, bali ni watu gani wanaolijua jambo hili kiasi cha kuwa wamekwisha kulipa jina na kulitumia jina hilo kazini. Wakati mwingine jibu litakuwa Kiarabu au Kiingereza. Wakati mwingine litakuwa Kimatengo, na hapo ndipo uzembe wetu unapodhihirika, kwa sababu hakuna anayekwenda kuuliza.

Maneno yaliyopata uraia

Waandishi wa mada hii wamezoea kutaja orodha ileile fupi: ikulu kutoka Kinyamwezi na Kisukuma, bunge linalohusishwa na Kiha, ngeli kutoka Kihaya, kitivo kutoka Kisambaa na Kipare, na ng'atuka kutoka Kizanaki. Orodha hiyo hutolewa kama ushahidi kwamba kanuni inafanya kazi. Ikichunguzwa kwa makini inathibitisha jambo jingine kabisa. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililopata uraia kwa sababu tu ya kuwa la Kibantu. Ikulu lilikuja na jengo, walinzi na bendera. Bunge lilikuja na wabunge wenyewe, na redio ikalirudia kila siku. Kitivo, ambalo huko lilikotoka lilihusu ardhi yenye rutuba, liliandikwa juu ya milango na barua za Chuo Kikuu, na mwanafunzi hakuweza kujiandikisha bila ya kujua kitivo chake. Ng'atuka lilichukuliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipoacha urais mwaka 1985. Watu walikiona kitendo na kulisikia neno kwa wakati mmoja, na hakuna aliyehitaji kamusi.

Neno ng'atuka linastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu linavunja vigezo ambavyo wanaistilahi huvitaja kila mara. Halina uwazi wowote kwa msemaji wa Unguja au wa Mvita. Mzizi wake haujulikani kwake, na mtu aliyelisikia kwa mara ya kwanza angeweza kulihusisha na kitenzi ng'ata. Lakini limeenea, limenyambulika, na leo linatumika hata kwa mwenyekiti wa klabu ya mpira. Istilahi nyingi zilizo wazi kabisa, zilizoundwa kwa viambishi halali na kuchapishwa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, hazikuwahi kutoka nje ya vijitabu hivyo. Uwazi ni sifa nzuri, ila hauwezi kulibeba neno mahali ambapo jambo lenyewe halifiki.

Iko kejeli ndogo hapa ambayo haina budi kusemwa. Taaluma inayohubiri kwamba Ubantu utangulie huitwa istilahi, neno la Kiarabu. Hufundishwa katika idara za isimu, neno la Kiarabu pia, karibu na darasa la fasihi, ambalo nalo ni la asili hiyohiyo. Ngeli limekaa katikati yao kama mgeni wa heshima. Hakuna ubaya katika hali hiyo. Kiarabu kilikuwa na elimu ya lugha iliyopevuka kwa karne nyingi, nayo maneno yalifuata elimu. Maana yake ni kwamba kanuni ya ujuzi wa jambo imekuwa ikifanya kazi siku zote chini kwa chini, huku kanuni ya undugu ikisomwa mikutanoni.

Mfano wa karibuni zaidi ni barakoa. Katika mwambao neno hilo lilihusu kifuniko cha uso cha mwanamke. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, lilienea nchi nzima kwa muda mfupi sana, hata kwa watu wasiowahi kuiona barakoa ya zamani. Tarakilishi, lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, linafundishwa katika shule za Kenya, na kompyuta linatawala madukani kote. Mashine ilifika na jina lake, na jina la pili likawa la darasani. Hayo yanatosha kwa upande huo.

Ngoro si shimo

Katika miteremko ya Umatengo kuna mfumo wa kilimo ambao watafiti huuandika kwa jina la ngolo, na ambao katika Kiswahili husikika zaidi kama ngoro. Inasimuliwa kwamba Wamatengo walisongamana milimani katika karne ya 19 kwa kukimbia mashambulizi ya Wangoni, na kwamba msongamano huo uliwalazimisha kulima miteremko mikali bila ya kuipoteza ardhi. Njia waliyoibuni ni ya ustadi mkubwa. Nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke, kisha hulazwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hata shamba zima likawa kama wavu wa vyumba vya mraba. Udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi hizo. Hivyo hupatikana kuta za udongo zenye nyasi ndani yake, na katikati hubaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu au mbili. Maharage hupandwa kwanza juu ya kuta hizo, na mahindi hufuata. Mvua ikinyesha, maji hunaswa katika vyumba badala ya kuteremka na udongo; nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea.

A. H. Pike aliandika juu ya mfumo huo mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu enzi hizo maandishi ya Kiingereza yamezoea kuuita kwa neno lenye maana ya mashimo, likiambatanishwa na jina la Wamatengo. Jina hilo limeenea duniani. Mtu akiwa London au Tokyo na anasoma juu ya hifadhi ya udongo Afrika, atakutana na mashimo ya Wamatengo.

Sasa itazame kazi ya jina hilo. Limetaja sehemu ambayo haina kitu. Mkulima hapandi ndani ya shimo. Hupanda juu ya kuta. Shimo ni matokeo ya kujenga ukuta, na hulipwa kwa kazi ya pili ya kunasa maji. Aliyelitunga jina la Kiingereza alisimama mbali, akaitazama miteremko, akaona vivuli vya mashimo, akavitaja. Mtafsiri wa Kiswahili atakayeanzia kwenye maandishi ya Kiingereza, kama wafanyavyo watafsiri wetu wengi, atapata mashimo. Na mwanafunzi wa Dodoma au Tabora atakayesoma tafsiri hiyo atadhani kwamba Wamatengo wanapanda mahindi katika mashimo, jambo ambalo linafanyika kweli katika baadhi ya mbinu nyingine za kilimo za nchi kavu. Kosa hilo halitakuwa la sarufi. Litakuwa kosa la kilimo lililosababishwa na istilahi.

Kiswahili kinayo maneno jirani: tuta, kingo, mtaro, ngazi. Hakuna linalofaa. Tuta ni mwinuko wa mstari mmoja, na ngazi hukata mlima kwa hatua. Ngoro ni wavu. Kwa hiyo neno linahitajika, na neno lipo. Halihitaji kuundwa na kamati, wala kufanyiwa majaribio ya viambishi. Linahitaji kupokelewa kwa ukamilifu wake, pamoja na maelezo sahihi ya jambo lenyewe.

Kupokea huko kuna masuala yake ya kiisimu, na hayo ndiyo yanayostahili muda wa wataalamu. La kwanza ni tahajia. Umbo lenye l ndilo linalokaribia matamshi ya Kimatengo; umbo lenye r ndilo ambalo Kiswahili cha eneo hilo kimelizoea. Makala haya yanaona kwamba ngoro liachwe lilivyo katika Kiswahili, kwa kuwa wasemaji wamekwisha kuamua, na mwanaistilahi anayewasahihisha wasemaji baada ya uamuzi wao hupoteza wakati. La pili ni gumu zaidi: je, ngoro ni jina la mfumo mzima, au la kila chumba kimoja? Mtu akisema ngoro imebomoka, amepoteza shamba au ukuta mmoja? Katika uandishi wa kitaalamu ni lazima jambo hilo liamuliwe, na mtu wa kuuliza ni mkulima.

Mkulima yupi? Kwa desturi ya Umatengo wanaume ndio wafyekao na kulaza nyasi. Wanawake huchimba, hufukia na kupanda. Msamiati hugawanyika pale kazi inapogawanyika. Mkusanyaji wa maneno anayefika kijijini, akapokewa na mwenyekiti, akaketishwa na wazee wanaume wawili au watatu, ataondoka na nusu ya lugha ya ngoro. Nusu hiyo itakuwa ile ya nyasi. Lugha ya udongo, ambayo ndiyo kiini cha mfumo, itabaki shambani na wenyewe.

Bonde lililo juu ya mlima

Jambo la pili linahusu sheria. Usimamizi wa maji nchini Tanzania umegawanywa katika mabonde tisa, na mawili kati ya hayo, la Ziwa Nyasa na la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yanagusa nchi hii. Neno bonde lilichaguliwa kutaja eneo zima ambalo maji yake huelekea kwenye mto au ziwa moja. Katika Kiswahili cha kawaida, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya milima. Katika Kiswahili cha kiofisi, mlima nao umo ndani ya bonde. Mkulima wa Umatengo anayeishi juu kabisa, ambaye akitazama chini huona mawingu, huarifiwa kwa barua kwamba yeye ni mkazi wa bonde na kwamba analo jukumu la kulitunza. Asipohudhuria mkutano wa watu wa bonde, alaumiwe nani?

Kwa eneo dogo zaidi limeundwa neno kidakio, kutokana na daka. Hili ni neno zuri. Ni fupi, linafuata kanuni za unyambuaji, na lina taswira ya mikono inayopokea mvua. Iwapo litashika au halitashika, itategemea kama jumuiya za watumia maji zitalitumia kwa vinywa vyao au litabaki katika mihuri.

Wamatengo wanalo neno ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima uliopakana na vijito pande zake, kuanzia kileleni hadi bondeni, na kwa asili ulikuwa mali ya ukoo mmoja uliopanga humo makazi, mashamba, msitu na maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani waliofanya kazi Mbinga katika miaka ya 1990 walilitilia mkazo neno hilo, na kwa haki. Hata hivyo, ni hapa ambapo anayependa lugha za jamii anapaswa kujizuia. Ntambo si kidakio. Kidakio huanzia kwenye migongo miwili na kukutana katika kijito. Ntambo huanzia kwenye vijito viwili na kukutana katika mgongo. Kwa mwanahaidrolojia kijito ni moyo wa eneo, kwa Mmatengo kijito ni mpaka. Mtu akilichukua ntambo na kulifanya tafsiri ya kidakio kwa furaha ya kupata neno la Kibantu, atakuwa amefanya kosa lilelile la yule aliyeona mashimo.

Thamani ya ntambo kwa istilahi iko katika kutofanana huko. Linaonyesha kwamba ardhi inaweza kugawanywa kwa namna ambayo lugha ya ofisi haikuiwazia, na kwamba namna hiyo ilikuwa na wenyewe, wajibu na mipaka inayojulikana. Lipokelewe kama jina la jambo lake, lisilazimishwe kuwa jina la jambo la wengine.

Tofauti na hilo, sengu lilihamishwa kwa makusudi, na uhamisho wake unafundisha. Sengu ilikuwa ni desturi ya watu wa ukoo kula pamoja na katika kula huko kuzungumza mambo yao, kusuluhisha magomvi na kuwafunda vijana. Mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine uliosaidiwa na Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa kuanzia mwaka 1999 ulifanya kazi katika kijiji cha Kindimba, na huko ikaundwa kamati iliyopewa jina la sengu, ya kusimamia shughuli za maendeleo. Chakula kiliondoka, mazungumzo yakabaki. Mtu anaweza kusema kwamba neno limepunguzwa. Lakini wanakijiji walijua mara moja kamati hiyo ilipaswa kufanya kazi kwa tabia gani, jambo ambalo jina la kamati ya uratibu lisingewaambia. Huo ni uhawilishaji wa maana uliofanywa na watu wenye neno lao, mahali pao, kwa haja yao. BAKITA haikuombwa ruhusa, na haikuwa lazima iombwe.

Maneno yaliyovuka ziwa

Ukishuka kutoka milimani kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limekuwa wilaya ya Nyasa, unaingia katika historia nyingine ya maneno. Hapa panasemwa Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, na ng'ambo ya maji kuna Malawi na Msumbiji. Ziwa moja, nchi tatu, na lugha za kiofisi za Kiswahili, Kiingereza na Kireno. Kwa miaka mingi misheni ya Kianglikana iliyoweka makao Likoma mwaka 1885 ilitumia Kinyanja katika pande zote za ziwa. William Percival Johnson, aliyejishughulisha na tafsiri ya Biblia katika lugha hiyo, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli.

Jina la ziwa lenyewe ni istilahi iliyozaliwa kwa kutoelewana. Nyasa, nyanja na nyanza ni maumbo ya asili moja, yote yakiwa na maana ya maji mapana. Livingstone alipofika mwaka 1859 alipewa neno hilo la kawaida, naye akaliandika kama jina mahususi. Tangu hapo tunasema Ziwa Nyasa, yaani ziwa ziwa, na hakuna anayeona dosari. Matumizi yamekwisha kulihalalisha.

Safari ya neno ndege inafurahisha zaidi. Katika Kiswahili ndege ni kiumbe mwenye mabawa, na chombo cha kuruka kikapewa jina lake kwa kufananishwa. Katika Kinyanja cha Malawi, ambacho huitwa pia Kichewa, kiumbe huyo ni mbalame. Neno ndege limo pia, lakini kwa chombo peke yake. Kinyanja kiliazima sitiari ya Kiswahili bila ya kuazima kitu kilichofananishwa, na kwa hiyo sitiari ikafa njiani na kufika ng'ambo ikiwa istilahi safi isiyo na utata. Hakuna kamati ambayo ingeweza kufanya vizuri zaidi.

Stima nayo ilipita njia zake. Meli za mvuke zilipofika ziwani, kama vile Chauncy Maples ya misheni, iliyoanza safari mwaka 1901, jina lao la Kiingereza likapokelewa kila upande. Katika Malawi sitima ni meli, na ni gari moshi pia. Katika Kiswahili cha Tanzania stima ni neno la wazee, limekwisha kusukumwa kando na meli. Katika Kenya stima ni umeme. Mvuke uleule mmoja umeendesha chombo cha majini upande huu, treni upande ule, na taa za Nairobi; kila jamii ililishika neno kwa mkono wa kazi iliyokuwa mbele yake.

Kisha kuna samaki. Usipa ni samaki mdogo wa Ziwa Nyasa, naye hufahamika kwa jina hilohilo Malawi na katika mwambao wa Tanzania. Anapokaushwa na kupelekwa Songea au Dar es Salaam huuzwa kama dagaa, dagaa Nyasa. Lakini dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa spishi nyingine, wa Ziwa Victoria ni wa nyingine tena, na wa baharini nao ni wa spishi tofauti na hao. Kiswahili kimewaweka wote katika gunia moja kwa sababu Kiswahili kiliwaona gulioni, wakiwa wamekauka. Wavuvi waliwaona majini. Kwa mpishi, neno moja linatosha. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya uvuvi, au kwa mtunga kanuni za matundu ya nyavu, halitoshi, na majina ya kutenganisha yapo tayari kwa wavuvi wa kila ziwa. Hali kadhalika mbasa, ambaye ni samaki mkubwa apandaye mitoni kuzaa: Malawi huitwa mpasa, na tofauti hiyo ya sauti moja ni jambo dogo ambalo wanaistilahi wa nchi hizo wangeweza kulijadili kwa mchana mmoja.

Pingamizi, na suala la vitenzi

Itapingwa kwamba Tanzania ina lugha zaidi ya 150, kama ulivyoonyesha Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na kwamba kuifungulia kila lugha mlango wa Kiswahili sanifu ni kualika vurugu na upendeleo. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kizazi kilichoshuhudia jinsi Kiswahili kilivyotumika kuondoa ukabila. Lakini kanuni ya ujuzi wa jambo haifungui milango 150. Inafungua mlango mmoja kwa kila jambo. Umatengo haina cha kusema juu ya majina ya sehemu za jahazi, na Pemba haina cha kusema juu ya ngoro. Anayegawa nafasi kwa undugu ndiye atakayelazimika kuulizwa kwa nini amechukua kwa Wahaya na si kwa Wanyakyusa. Anayegawa kwa ujuzi ana jibu mkononi.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi imekwisha kufanywa. Ni kweli kwamba Nobuko Yoneda, mtaalamu wa Kijapani aliyeitafiti lugha hiyo kwa miaka mingi, alichapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, na kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuhifadhiwa. Lakini msamiati wa jumla hukusanywa kwa kuuliza majina ya viungo vya mwili, wanyama, nyumba na jamaa. Lugha ya kazi haijitokezi kwa njia hiyo. Aidha, si jambo la kujivunia sana kwamba ili mwanafunzi wa Kitanzania apate maneno ya Mbinga, humlazimu kuagiza kitabu kutoka Tokyo.

Kasoro kubwa zaidi ya orodha zetu ni kwamba zimejaa majina. Msomaji achukue orodha yoyote ya istilahi za kilimo ahesabu vitenzi, atachoka kuvitafuta. Tumekopa vitu na kuacha matendo. Ilhali ustadi wa mkulima unakaa katika tofauti ya kulaza nyasi, kuzipanga, kuzikanyaga na kuzifukia, na Kibantu, kwa utajiri wake wa unyambuaji, huweka tofauti za namna hiyo katika kitenzi. Kati ya maneno matano ya orodha ile mashuhuri, ni ng'atuka pekee lililo kitenzi, na ndilo lililozaa zaidi. Ngoro likiingia katika kamusi peke yake, bila ya vitenzi vya kuitengeneza, litakuwa kama jembe lililotundikwa ukutani.

Wakati uliopo si mrefu. Watoto wa Umatengo husoma kwa Kiswahili, na vijana wengi hufanya biashara ya kahawa na ya mahindi kwa Kiswahili. Kilimo cha ngoro kinahitaji nguvu nyingi, na shamba linapolimwa kwa njia nyingine, maneno ya njia ya kwanza hayasemwi tena hata na wale wanaoyajua. Hakuna haja ya kuomboleza. Lugha zote hubadilika. Haja ni kwamba maneno hayo yapite mkononi mwa Kiswahili kabla ya kupotea, kwa kuwa Kiswahili ndicho kitakachoulizwa kesho na mtaalamu wa udongo.

Utaratibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa shahada za Kiswahili na wa kilimo wanaotoka Mbinga na Nyasa wako vyuoni kila mwaka, nao huandika tasnifu. Wapewe jambo moja kila mmoja: ngoro, uanikaji wa kahawa, uvuvi wa usipa usiku, uchongaji wa mtumbwi. Waliandike kwa hatua zake, tendo baada ya tendo, kutoka kwa wanawake na wanaume wanaolifanya, kwa lugha wanayoitumia wakati wa kulifanya. BAKITA nayo, kabla ya kusanifisha orodha ya istilahi za kilimo, maji au uvuvi, iirudishe kwa watu hao kwa ajili ya kusahihishwa. Hivi sasa mpangilio wa kawaida wa orodha zetu una safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Safu ya tatu, yenye jina la jambo hilo mahali linapofanyika, iongezwe, hata kama katika kurasa za mwanzo itakuwa tupu.